Mabinti wa Mzee Hamisi (wanawake tu)

Rehema: Asalaam aleykum. Jumamosi saa 12 kamili asubuhi, jimu. Safari hii hatukai kwenye baiskeli kupiga stori. Tunaingia upande wa vyuma. Nani yupo?

Rehema: Wamesoma 11, wamejibu 0. Haya

Zuwena: Kule si kwa mabaunsa dada. Siku ile nimeshika kachuma ka kilo 2, kaka mmoja akanitazama, nikajifanya nakahamisha

Mwanaidi: 😂😂 kajua mfagizi

Rehema: Hawakutazami wewe, wanajitazama kwenye kioo. Nimeenda mara tatu peke yangu. Ya kwanza nilizunguka tu nikarudi nyumbani. Ya pili nikabeba dambeli mbili za kilo 4 nikajificha ukutani. Ya tatu nikamuuliza mwalimu. Kumbe ule mtaimbo mrefu, mtupu bila vyuma vya pembeni, ni kilo 20

Salma: Mtupu??

Rehema: Ndoo ya lita 20 hiyo Salma, hujabeba ndoo wewe? Ila hatuanzi nao. Unakumbatia dambeli moja kifuani, unachuchumaa kama unakalia mbuzi ya nazi, unainuka. Mara 8 mpaka 12. Ukifika 12 na bado unaona mchezo, wiki ijayo unapanda kilo kidogo. Kesho yake mapaja yatauma hadi kukaa chooni ni kazi, msinipigie simu

Mwanaidi: Nazi tunakuja nazo?

Zuwena: Mi nakuja kama kuna supu baadaye

Mwanaidi: Ilipie mapema, halafu usiione. Kama boti ya Bagamoyo

Rehema: Mwanaidi tusianze. Nilishaeleza

Mwanaidi: Ulieleza wewe. Elfu 30 zangu hazijaeleza

Salma: 🙈

Rehema: 🎤 3:12

Zuwena: Niko kwenye daladala, andika

Rehema: Nimesema hivi NA NI MUHIMU. Mtu asilale kwenye benchi kuinua mtaimbo juu ya kifua akiwa peke yake. Ukikushinda unakulalia. Lazima mwenzio asimame kichwani

Mwanaidi: Asimame nani, nahodha?

Zuwena: 😂😂😂

Salma: Nahodha alishatokomea na life jaketi

Rehema: Naongea mambo ya mtu kufa nyie mnacheka

Shangazi Mwanahawa: Mwanaidi. Siku mama yenu alipoanguka bafuni mlikuwa wanne humo ndani. Wanne. Mkakaa kumngoja kijana wa dukani aje amnyanyue. Kama yupo mtu anafundisha wanawake kunyanyua, nendeni.

*21:47*

Zuwena: Shikamoo shangazi

Salma: Shikamoo shangazi

Mwanaidi: Shikamoo shangazi. Nimesikia

Shangazi Mwanahawa: Marahaba. Na wewe Rehema, rudisha hela za watu.

Rehema: Sawa shangazi

Shangazi Mwanahawa: Huyo mwalimu muulizeni kama anapokea wa miaka 71.

*23:05*

Rehema: Basi mimi, Zuwena, Salma. Viatu vya soli bapa, sio vile vya kudundadunda. Mwanaidi nitakulipia kiingilio, tukate kwenye ile

Mwanaidi: Tukate ngapi?

Mwanaidi: Rehema

Salma: Mi sijasema naja lakini

*Ijumaa, 14:20*

Halima: Jamani ndo nashika simu. Jumamosi si shughuli ya Mama Rajabu? Na boti gani tena?