Baba ana kisukari na sasa amejitenga: ni uzee au ni sonona?

Kijana wa Tukuyu
Shikamooni wakubwa. Baba yangu, mwenye miaka 71, ana kisukari cha aina ya pili kwa miaka mingi, na anatumia metformini pamoja na glibenklamidi. Tangu masika hajakanyaga kwenye shamba lake la kahawa, haendi hata misibani, jambo ambalo huku Rungwe halipiti bila kusemwa, na usiku hukaa macho. Ukimuuliza, hujibu kwamba miguu ina ganzi na mwili hauna nguvu. Neno huzuni halitamki. Dawa humeza akikumbushwa tu, na sukari imeanza kupanda. Ndugu wanasema ni uzee. Mimi nashuku ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni na kukata tamaa, lakini kliniki hupimwa sukari na presha, akapewa dawa, basi. Nianzie wapi?

Muuguzi, Iringa
Marahaba. Jibu la uzee usilikubali upesi. Sonona huwapata wenye kisukari takriban mara mbili zaidi ya wasio nacho, na kwa wazee mara nyingi hujitokeza kama maumivu, uchovu, kukosa usingizi na kukosa hamu ya kula, bila chozi hata moja. Aliyekata tamaa huacha dawa, sukari ikapanda, uchovu ukaongezeka, naye akazidi kujifungia. Mwombe daktari amuulize yale maswali tisa ya kupima sonona, kuhusu hali yake katika wiki mbili zilizopita. La mwisho linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Akikiri hilo, msingoje tarehe ya kliniki.

Hata hivyo, yako mambo mawili ya kuchunguza sambamba. Metformini ikitumiwa kwa miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu huo huleta ganzi, uchovu na hata hali ya huzuni. Glibenklamidi nayo, kwa mzee anayekula kidogo, inaweza kushusha sukari kupita kiasi. Kwa hiyo anapokesha, hasa akitokwa na jasho, mpimeni saa hiyo hiyo. Dozi msiipunguze wenyewe.

Mkwe wa Makete
Mimi nitasema la sahani. Mama mkwe wangu alikuwa akipakuliwa kando ugali wa dona na mboga, sisi tukila viazi, mpaka siku moja akauliza kama amekuwa mgeni katika nyumba aliyoijenga mwenyewe. Mtaalamu wa lishe alitueleza kwamba viazi havikatazwi, bali kinachoangaliwa ni kiasi, na mboga za majani zichukue nafasi kubwa zaidi. Sasa tunakula pamoja, na dawa anaidai yeye. Tena, kwa baridi ya huku, mzee mwenye ganzi asiote moto kwa kunyoosha miguu jikoni. Ngozi huungua naye asihisi.

Kijana wa Tukuyu
Nashukuruni sana. Je, dawa za sonona haziharibu sukari?

Muuguzi, Iringa
Hutegemea dawa. Amitriptilini, ambayo hutolewa pia kwa maumivu ya ganzi, inaweza kuongeza uzito, na kwa mzee huleta usingizi, kizunguzungu cha kuanguka na shida ya kukojoa. Fluoksetini inaweza kushusha sukari, hivyo akianzishiwa apimwe mara kwa mara. Nendeni na vidonge vyote anavyotumia, vikiwemo vya presha, daktari avione mezani.