Binti yangu alishasema "mama" na "maji", sasa kanyamaza. Rett ni ugonjwa gani?

MukeneBusia
Hamjambo wapendwa. Nauza mukene (dagaa) sokoni Busia, upande wa Uganda. Binti yangu ana miaka miwili na miezi minne. Alikaa, akatambaa, akasema "mama" na "maji". Alipofika mwaka na nusu maneno yakaanza kupotea. Chapati aliyokuwa akiishika mwenyewe sasa inamwanguka. Mikono anaikutanisha kifuani na kuisugua kutwa nzima kama anayefua leso, vidole vimechubuka. Mama mkwe anasema karogwa, mume wangu anauliza ukoo wetu unaficha nini. Daktari wa Kampala kaandika neno moja kwenye daftari: Rett. Jamani, nilimkosea nini mtoto huyu? Na nikizaa mwingine?

MamaWaJinja
Pole sana dada. Wangu ana miaka 11, na hiyo mikono naijua. Hukumkosea kitu. Mwaka 1954 Daktari Andreas Rett wa Vienna aliwaona wasichana wawili wamepakatwa na mama zao wakisubiri zamu, wanasugua mikono vilevile. Mwaka 1966 akaandika kuhusu ugonjwa huu. Chanzo kilijulikana 1999, katika maabara ya Huda Zoghbi kule Houston: hitilafu kwenye jeni (maelekezo ya mwili) iitwayo MECP2, iliyo kwenye kromosomu X, ambayo wasichana wanazo mbili na wavulana moja. Ndiyo maana wagonjwa karibu wote ni wasichana, kama msichana 1 kati ya 10,000.

Hitilafu hiyo kwa kawaida haitoki kwenye ukoo. Huzuka upya, mara nyingi kwenye mbegu ya baba, naye baba ni mzima wala hana habari. Usije ukamchapa mumeo kwa fimbo hiyo, naye hana kosa. Uwezekano wa mtoto mwingine kuupata ni chini ya 1 kati ya 100.

Sasa sikia, hili lilinichukua miaka kulijua: anakuelewa. Mdomo na mikono ndivyo vimegoma, macho yapo. Mimi hushika uji mkono huu, maziwa mkono ule, nikanyamaza. Usimharakishe, wao huchelewa kujibu. Hesabu hata mpaka 20. Jicho likitua kwenye kimoja, mpe hicho.

FizioMbale
Mama, alishe akiwa amekaa wima, wanapaliwa upesi. Asimamishwe kila siku, na mgongo uangaliwe kila kliniki kwa sababu hupinda. Akikakamaa au kupoteza fahamu, mwambie daktari, kifafa hutibika. Kitambaa kigumu kiasi kwenye kiwiko humpumzisha mikono. Dawa ya kuponya haipo. Marekani mwaka 2023 walipitisha dawa ya trofinetide, inayopunguza baadhi ya dalili tu. Ukiwa Kampala pita kituo cha Katalemwa, barabara ya Gayaza, wanafanya mazoezi ya watoto.

MukeneBusia
Mungu awabariki. Majibu yenu nimemsomea mume wangu kwa sauti, mara mbili. Hakusema kitu, ila usiku ndiye aliyempakata. Nikashika ndizi kulia, kikombe cha maji kushoto. Nilifika 17. Akatazama maji.