Tupeane uzoefu: Simba na usiku wa kulinda shamba

Ndugu zangu wa Lindi na Mtwara, ninaomba kila aliyewahi kulala dunguni akilinda mazao aeleze aliyoyaona juu ya simba, kwa sababu vijana wengi wanaohamia mashambani msimu huu hawajui mnyama huyu anavyowinda. Ninaanza mimi.

Mwaka mmoja, mtama ukiwa umeanza kukomaa, nililala na babu katika dungu letu huko Ruangwa. Nguruwe pori walikuwa wakifukua mihogo hatua chache tu kutoka tulipokuwa, tukiwasikia wakitafuna, kisha sauti zote zikakatika kwa pamoja. Babu alinishika mkono, wala hakuuachia hadi alfajiri. Kulipokucha tulikuta nyayo pana zimezunguka dungu mara mbili, vidole vinne vikionekana wazi kwenye udongo laini bila alama ya kucha, kwa kuwa simba hurudisha kucha zake ndani anapotembea. "Hakutufuata sisi, mjukuu wangu," alisema babu, "amemfuata nguruwe." Utafiti uliochapishwa mwaka 2005, ambao ulihesabu zaidi ya watu 563 waliouawa na simba nchini tangu 1990, ulieleza jambo hilohilo: mashambulizi huzidi wakati wa mavuno, kati ya Machi na Mei, na nguruwe ndio wanaomvuta simba hadi mashambani, ambako sisi tumelala.

Mchangiaji wa Liwale:
Shikamoo mkubwa. Mimi ninaongezea habari ya mwezi. Simba hana pumzi ya kukimbiza windo mbali, hivyo hutegemea giza limfikishe karibu kabla hajaruka. Mbalamwezi ikiwaka usiku kucha, wanyama humwona, naye huweza kushinda na njaa; lakini siku chache baada ya mwezi mpevu, unapoanza kuchelewa kuchomoza, saa za mwanzo za usiku huwa giza totoro huku watu wakiwa bado njiani. Nyumbani kwetu siku hizo chakula hupikwa na kuliwa kabla ya magharibi, na hakuna mtoto anayetumwa kwa jirani.

Mchangiaji wa Nachingwea:
Shangazi yangu alikamatwa akitoka chooni, hatua kumi kutoka mlangoni, taa ikiwa mkononi. Tangu usiku ule ndoo hukaa ndani, na baba alifyeka majani yote kati ya nyumba na choo.