Naomba ushauri: seli haziungani licha ya protini nne za virusi vya hepesi
Ndugu wanachama, nawasalimu na kuomba msaada wenu. Nimeingiza plasmidi (DNA za duara zinazobeba jeni) za gB, gD, gH na gL, protini nne za utando wa virusi vya hepesi simpleksi aina ya 1, katika seli za CHO (seli za ovari ya hamsta zinazokuzwa maabara), ambazo kwa asili hazina kipokezi cha gD, yaani protini ya seli ambayo gD hujishika nayo, kisha nikazichanganya na seli za CHO zenye nektini-1, ambayo ni kipokezi cha gD. Hata hivyo, baada ya saa 24 sioni seli kubwa zenye viini vingi, ambazo ndizo ishara kwamba seli zimeungana. Kingamwili zinaonyesha kwamba gD ipo kwenye utando, na kubadilisha uwiano wa plasmidi hakujasaidia.

Je, nianze kwa kuhakiki gH, ambayo bila gL haijikunji sawasawa wala kufika juu ya seli, au gB, ambayo ndiyo huunganisha tando zenyewe?