Mrejesho: safari ya Norwei mwezi Mei

Wakuu, habari za siku. Mwezi wa tatu niliwauliza kama katikati ya Mei panafaa kuzunguka fiodi (mikono ya bahari iliyoingia kati ya milima) na milima ya Norwei kwa gari. Tumerudi salama, mimi na mke wangu, na ninawashukuru sana.

Mlionionya kuhusu theluji mlisema kweli. Barabara ya juu kati ya Aurland na Lærdal ilikuwa bado imefungwa, tukapita chini, kwenye handaki la kilomita 24.5.

Lakini uzuri wa Mei! Theluji inayeyuka, kwa hiyo kila ukuta wa mwamba una maporomoko yake ya maji. Treni ya mlimani ya Flåm inasafiri kilomita 20 tu: chini miti imechipua, juu kwenye kituo cha Myrdal, mita 866 juu ya bahari, theluji tele. Na kwenye fiodi ya Hardanger, mitufaa imechanua hadi ukingoni mwa maji. Pale tuliongeza siku mbili bila kujadiliana.

Anayefuata, nunua chakula mapema kabla ya tarehe 17. Ni sikukuu ya taifa, maduka mengi yanafungwa. Na makoti mazito msiyaache.