Yule fundi wa "jambo la dakika tano" leo amenipigapiga begani mbele ya wachuuzi

Mama_Mizani:
Wakuu, sitamtaja, kwa sababu kila mwenye seva kuanzia Igoma hadi Nyegezi anamjua. Ndiye yule anayebeba kompyuta mpakato bila mkoba, anayemaliza sato wa wenyeji wake huku akisubiri mashine iwake, na ambaye kila kazi kwake ni "jambo la dakika tano". Kama hajawahi kufika ofisini kwako, shukuru Mungu na ufunge mlango.

Ofisi yetu iko karibu na soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Tuna kompyuta moja ya Linux iliyobeba mashine pepe mbili za KVM, yaani kompyuta mbili za kiprogramu zinazoishi ndani ya hiyo moja: moja inatunza daftari la mizani, nyingine inatoa stakabadhi. Zilikuwa zimewekwa kwenye ule mtandao wa ndani unaokuja na libvirt (programu inayosimamia mashine pepe), wenye anwani zinazoanza na 192.168.122, ambao unaziruhusu mashine kutoka nje kwenda kwenye intaneti lakini haumruhusu karani aliyeketi mizanini kuzifikia. Tuliomba kitu kimoja tu, kwamba liwekwe daraja, yaani swichi ya kiprogramu ya kuziunganisha mashine pepe na mtandao wa ofisi, ili mashine hizo zipewe anwani na ruta kama kompyuta nyingine yoyote ya ofisi.

Akaanza kazi akiwa kitandani kwake, kwa SSH, yaani kwa kuingia kwenye seva kutoka mbali. Akaiingiza kadi ya mtandao, enp3s0, ndani ya br0, ambayo ndiyo daraja lenyewe, kabla hajaihamishia br0 anwani ya IP, na hapo hapo akajifungia nje pamoja na sisi sote. Kisha akanipigia simu kuniuliza kama Kirumba umeme umekatika. Umeme ulikuwepo, na feni ilikuwa ikizunguka juu ya kichwa changu.

Alipofika, aliichomoa kebo ya seva akaipa printa, akasema daraja atalipitisha kwenye Wi-Fi. Keneli, kiini cha Linux, ikamjibu kwa maandishi kwamba kitendo hicho hakiwezekani. Niliyasoma mwenyewe, kwa sababu nilikuwa nimesimama nyuma yake, lakini yeye aliyafuta kwenye skrini kama mtu anayefukuza nzi kwenye dagaa. Ndipo akainuka, akageuka, na mbele ya wachuuzi, wapakiaji na mzee mmoja kutoka Ukerewe aliyekuwa akisubiri stakabadhi yake, akanipigapiga begani na kusema: "Mama, Linux si ya kila mtu."

Begani, wakuu. Mimi niliyeiweka Linux hiyo kwenye mashine hiyo! Daftari la mizani limezimwa na mikono yake, karani anaandika kilo kwenye vipande vya maboksi, foleni imefika karibu na Musoma, halafu bega langu ndilo linalofarijiwa. Lingekuwa na masikio, Jiwe la Bismarck lingeinuka majini likahamia Bukoba kwa aibu. Mzee wa Ukerewe alitazama pembeni kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi.

Sina swali la kiufundi. Nataka kujua ni nani aliyempa mtu huyu ruhusa ya kuligusa bega langu.

Fundi_Nyegezi:
Pole sana, dada. Tumemjua kwenye ile sentensi ya kitandani.

Kwa faida ya wengine, keneli haikuwa na ukaidi wowote. Kituo cha Wi-Fi hupokea fremu (vifurushi vya data) kutoka kwa anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao) iliyojisajili kwake tu. Mashine pepe ina anwani yake yenyewe, ambayo kwa KVM kwa kawaida huanza na 52:54:00, na kituo hakijawahi kuiona, kwa hiyo fremu zake zingetupwa hata kama daraja lingekubali. Ipo njia ya fremu zenye anwani nne, lakini ni lazima kadi na kituo vyote viiunge mkono, na ruta nyingi tunazopewa na makampuni ya simu haziiungi. VirtualBox huonekana kuliweza jambo hili kwa sababu hubadilisha anwani ya mashine pepe na kuweka ya kadi yenyewe. Daraja la Linux halifanyi ujanja huo. Rudisha kebo, anwani ya IP iwe juu ya br0 na isiwe juu ya enp3s0, na kazi hiyo ifanywe na mtu aliyeketi mbele ya mashine.

Hata hivyo, naomba kuuliza kwa upole: uliwezaje kumtazama mtu akiichomoa kebo ya seva na kuipa printa, ukanyamaza?

Mama_Mizani:
Nilidhani mtu aliyelipwa anajua kebo ni ya nani. Halafu wewe unaniuliza habari za kebo wakati mimi nimekueleza habari za bega.

Kijana_Buzuruga:
Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa mwaka 2025, lina urefu wa kilomita tatu na ushee, na malori yanapita. La huyu bwana lina urefu wa kebo ya printa, na hata ombi moja la DHCP, lile la kuomba anwani kwa ruta, halikuvuka.

Dagaa_Mkavu:
Dada, wewe umeguswa bega tu. Mimi ameniuzia swichi.

Kwangu alitumia kebo vizuri, na mashine pepe ikakaa kwenye br0. Lakini haikupata anwani. Akaiandikia anwani kwa mkono, na tcpdump, programu ya kuchungulia pakiti, ikaonyesha kwamba maswali ya ARP ("nani ana anwani hii ya IP?") yanajibiwa, huku ping, jaribio la kuifikia mashine, ikifa bila sauti. Akaketi pale akikuna kidevu, kisha akatangaza kwamba swichi imechoka. Nikanunua swichi mpya kutoka mkononi mwake, na ping ikaendelea kufa vile vile.

Baadaye niligundua kwamba kwenye kompyuta ile ile kulikuwa na Docker, programu inayoendesha programu nyingine ndani ya kontena, yaani visanduku vilivyotengwa. Docker huiwekea iptables, ukuta wa ulinzi wa Linux, msimamo wa kutupa kila pakiti inayopitishwa ambayo haikuruhusiwa, na moduli ya keneli iitwayo br_netfilter ikiwa imepakiwa, hata fremu zinazovuka daraja hupelekwa mbele ya iptables. ARP hupita kwa sababu iptables haiihukumu, lakini pakiti za IP hutupwa, zikiwemo za DHCP. Niliweka kipengele cha net.bridge.bridge-nf-call-iptables kiwe 0, yaani fremu zisipelekwe tena huko, na kila kitu kikafunguka papo hapo. Swichi ya zamani nilikuwa nimeshamgawia jirani.

Mzee_wa_Kebo:
Mnamwonea kijana wa watu. Kwangu alifanya kazi safi na wala hakula samaki.

Ila wewe, Dagaa, usiwafundishe watu kuweka 0 ovyo. Ukizima kipengele hicho, unazima pia baadhi ya sheria ambazo Docker inazitegemea kutenganisha kontena zilizo kwenye daraja moja. Njia ya kistaarabu ni kuongeza sheria ya kuruhusu br0 kwenye mnyororo wa DOCKER-USER, orodha ya sheria za iptables ambayo Docker humwachia mtumiaji.

Dagaa_Mkavu:
Mzee, ulikuwa wapi nilipokuwa nikinunua swichi?

Mama_Mizani:
Naomba turudi kwenye mada. Alinipigapiga begani. Mara kadhaa, polepole, kama anayembembeleza mtoto.

Binti_Igoma:
Angalau wako ni fundi wa kulipwa, unaweza kumfukuza. Wangu ni shemeji. Alinakili mashine pepe moja ili apate ya pili, akabadilisha jina na anwani ya MAC, akajisifu mezani hadi ugali ukapoa. Mashine zote mbili zikawa zinapewa anwani moja ya IP na ruta, kila moja ikimnyang'anya mwenzake, na watumiaji wakitupwa nje kila baada ya muda mfupi. Kumbe systemd-networkd, programu ya Linux inayosimamia mtandao, hujitambulisha kwa DHCP kwa kitambulisho kinachotokana na faili la machine-id, lenye namba ya pekee ya mashine, na faili hilo lilikuwa limenakiliwa pamoja na kila kitu kingine. Nilimwambia alifute na kulizalisha upya kwenye mashine ya pili. Akamwambia dada yangu kwamba namdharau.

Fundi_Nyegezi:
Binti, hiyo ni rahisi. Umeshawahi kukutana na STP, kinga dhidi ya mtandao kujizunguka, iliyowashwa kwenye daraja? Kusikiliza sekunde 15, kujifunza sekunde 15, na katika muda huo wote hakuna pakiti inayopita, kwa hiyo mashine pepe inayowaka haraka inaomba anwani, inakosa, na kukata tamaa. Nina mteja Mabatini aliyeambiwa abadilishe ruta kwa ajili ya nusu dakika hiyo.

Mzee_wa_Kebo:
Na huyo mteja alikuwa na swichi ngapi? Kama ni moja, aizime STP. Kama zipo mbili zenye kebo mbili kati yake, akiizima mtandao wote utazunguka wenyewe kwa wenyewe hadi ulale.

Kijana_Buzuruga:
Mimi nauliza: ile swichi aliyopewa jirani wa Dagaa bado ipo? Ninahitaji ya bei nafuu.

Dagaa_Mkavu:
Jirani ameichomeka na inafanya kazi vizuri sana. Usinikumbushe.