Tupeane uzoefu: alama ya ukutani imekusaidia kujenga tabia gani?

Wanajamvi, salaam kutoka Nkuhungu, Dodoma. Mama yangu ana presha, na dawa alikuwa anameza siku anayojisikia vibaya tu. Shida ya presha ni kwamba mara nyingi haiumi, kwa hiyo mtu anajiona kapona. Nikamtundikia kalenda jikoni, kalamu nyekundu nimeifunga kwa uzi. Akimeza, anaweka vema papo hapo, kwa mkono wake. Ukitaka kumwekea, hakubali. Mstari ukishaanza kwenda hataki ukatike, hata akienda msibani Bahi anabeba dawa zake. Nyie mnatumia nini?

Wa Kongwa: Huku vikope, ule ugonjwa wa macho, tunavijua. Vinaambukizwa kwa tongotongo na makamasi, kupitia mikono, nguo na nzi. Mtoto akiugua mara kwa mara, ukubwani kope zinajikunja ndani na kukwaruza jicho hadi anapofuka. Kunawa uso ni kinga mojawapo kubwa. Maji tunafuata mbali, ila uso hauhitaji ndoo. Nimechora safu kwa mkaa ukutani, pale kwenye kibuyu chirizi, kile chombo cha kunawia kinachotiririsha maji kidogo kidogo, kila mtoto na yake. Akinawa anachora jua. Wa mwisho hajui kusoma, lakini safu yake anaijua, na ukimgusia jua lake mtagombana! Sharti langu ni moja: alama haifutwi kwa kosa lingine. Hata akivunja sahani, jua alilolichora ni lake.

Wa Kisasa: Hilo la kutofuta naliunga mkono kabisa. Mimi natia punje ya hindi kwenye chupa angavu kila nikitembea nusu saa asubuhi, kabla jua halijawa kali. Punje tano kwa wiki ndizo zile dakika 150 wanazoshauri Shirika la Afya Duniani. Chupa iko mezani, wageni wanaulizia.

Wa Manyoni: Jamani, msiwape watoto pipi kwa kupiga mswaki. Wangu wiki ikijaa nyota anachagua nani amsimulie hadithi. Anamchagua bibi kila mara.

Mleta mada: Wa Kongwa, mvua za Desemba zikianza mkaa si unafutika?

Wa Kongwa: Unafutika. Tunahamia chini ya upenu, tunatumia chokaa. Mkubwa alishaacha kuchora, uso ananawa bila kuambiwa.